Kilo za Mapenzi

Si zamani sana, na wala si mbali kama wengi wetu tungependa iwe, ipo nchi ambayo wananchi wake huiita Nchi Yetu na viongozi wake huiita Nchi Yangu. Kwa kuwa pande zote mbili zimeuzoea mpango huo, hatuna sababu ya kuwagombanisha.

Kila baada ya mavuno, nchi hiyo huwa na sikukuu iitwayo Siku ya Kuketi. Haina gwaride, haina ngoma, haina nguo mpya. Watu wa familia moja hutandika mkeka, huweka sinia moja la chakula katikati, na kabla ya yeyote kutia mkono, kila mmoja husema lililomkaa moyoni. Aliyekosewa humnawisha mikono aliyemkosea, na aliyekosa huomba radhi huku maji yakimwagika. Hakuna anayesimama mpaka wote wameshasema, na hakuna anayekula mpaka wote wamenawa. Ni sikukuu isiyo na gharama kabisa, na hilo ndilo lililoanza kuitia Serikali wasiwasi.

Mtukufu Rais alikuwa amerejea kutoka ziara ya ng'ambo, ambako aliona watu wakipeana maboksi yenye utepe na kulia kwa furaha. Akaliuliza baraza lake kwa uchungu, "Kwa nini watu wangu hawalii?" Naibu waziri mmoja, mgeni kazini, akajibu kwamba wanalia sana, Mtukufu, ila si kwa furaha. Naibu waziri huyo akapewa likizo ndefu ya kupumzisha ulimi. Wiki hiyo hiyo likatoka agizo kwamba kuanzia sasa Siku ya Kuketi itakuwa siku ya zawadi. Kwa bahati tu, shemeji yake Mtukufu alikuwa na meli nzima ya maboksi bandarini, haijui ishushe wapi. Hata leo watu wa nchi ile hustaajabu jinsi Mwenyezi Mungu anavyopanga mambo.

Ili kazi isifanyike ovyo, ikaundwa Wizara ya Furaha, Upendo na Vipimo, akakabidhiwa Mheshimiwa Shadhili Ngomakubwa, kiongozi mzoefu ambaye alishapitia wizara zote na kuziacha zote zikimkumbuka. Naye akaunda Tume ya Kupima Upendo, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe. Tume ikapewa mizani iliyokuwa ikipimia pamba enzi za ushirika, kabla pamba haijaisha na ushirika haujaisha.

"Upendo usiopimika," alisema Mheshimiwa Ngomakubwa siku ya uzinduzi, "ni uvumi."

Watu walipiga makofi, kwa sababu walikuwa wamepangwa karibu na askari.

*

Mtaa wa Birikani aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani, mfumaji wa vitambaa vya makochi. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Ngwali, aliuza mbao hapo hapo mjini. Mdogo, Hemedi, alikuwa fundi wa majokofu mji mkuu. Watoto hawa walilala kitanda kimoja mpaka walipoota ndevu, na mmoja akiugua mwingine ndiye aliyekuwa akikataa kula. Lakini tangu baba yao, Mzee Pandu, alipofariki, hawakusemezana. Mzee alizikwa Hemedi akiwa bado njiani. Alipofika akakuta watu wameshakunja majamvi, akamtazama kaka yake, akageuka na mkoba wake begani, akaondoka bila hata kunywa maji.

Ngwali alisema, "Akitaka kujua, ataniuliza."

Hemedi alisema, "Kama ana la kusema, ataniambia."

Basi mmoja akasubiri kuulizwa na mwingine akasubiri kuambiwa, na mama yao katikati akawa kama posta. Siku za Kuketi zilipita bila wao kukaa mkeka mmoja. Mwaka huu Bi Sikudhani aliapa kwamba watakaa, hata kama itabidi awafunge kamba. Alikuwa ameanza kuota anamhudumia marehemu chakula, na marehemu anamuuliza watoto wako wapi.

Ndipo agizo la zawadi lilipotoka, na likamharibia kila kitu. Vijana wale, ambao walikuwa hawana njia ya kugombana kwa kuwa hawasemezani, sasa wakawa wamepata njia.

Hemedi alileta jokofu. Mtaa wa Birikani haukuwa na umeme wa kuaminika, kwa hiyo Bi Sikudhani akahifadhi humo uzi wake wa kufumia. Ngwali alipoliona jokofu, akaleta jokofu kubwa zaidi. Hemedi akaleta makochi. Ngwali akaleta makochi na kabati. Hemedi akaleta mashine ya kukatia majani, ilhali nyumba ile haikuwa na hata jani moja. Ngwali akaleta kitanda cha mninga ambacho hakikuingia ndani, kikakaa uani na kuziba mlango wa nyuma. Kila kitu kilikuja ndani ya boksi, na kila boksi lilikuwa na utepe, maana sheria ilisema kitu kisicho na utepe ni samani, si upendo.

"Mama, mwambie huyo makochi yake yanabanduka," alisema Hemedi siku waliyokutana sebuleni, kila mmoja akisukuma boksi lake.

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo mbele yako?"

"Mama," akasema Ngwali, "mwambie huyo jokofu lake linanuka mpira."

"Jamani, mimi nitakaa wapi?" akauliza Bi Sikudhani. "Mkeka nitautandika wapi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa mmoja alikuwa nyuma ya kabati na mwingine alishakwenda kuongeza.

*

Siku yenyewe ilipowadia, Tume ilipita nyumba kwa nyumba na mizani yake juu ya toroli. Nyuma yake walikuja waandishi, askari, na kikundi cha kina mama wa kushangilia, ambao walikuwa wametolewa wilaya nyingine ili wasione aibu.

Kwa jirani, Mzee Tego, boksi lilikutwa na kilo pungufu. Kaya yenye upungufu wa mapenzi ilikuwa ivunjwe, na watu wake wagawiwe kwa kaya zenye mapenzi ya ziada. Mzee Tego akaomba dakika moja, akarudi na boksi zito ajabu. Mkewe alipolifungua mbele ya Tume, akakuta jiwe lake mwenyewe la kusagia. Akaangua kilio. Tume ikaandika: machozi ya furaha, kiwango cha juu.

Nyumba ya Bi Sikudhani haikuhitaji hata kupimwa. Mizani ilipoletwa mlangoni na kuona maboksi yaliyofika darini, mshale wake ulitetemeka wenyewe. Wajumbe wa Tume walikumbatiana. Hawakuwahi kuona ndugu wanaopendana kiasi kile. Ikaamuliwa kwamba hiyo ndiyo Kaya Bora ya Taifa, na kwamba Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe kuitunuku, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja nchi nzima.

Bi Sikudhani alizipokea habari hizo akiwa jikoni. Jiko lilikuwa chumba kidogo nyuma ya sebule, na ndipo mahali pekee palipobaki sakafu. Alikuwa ametandika mkeka, amepika wali na kunde za nazi, na anasubiri. Alikuwa amewaambia watoto wake wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba anaumwa.

Wakafika kwa pamoja, mmoja amepenya kulia mwa maboksi na mwingine kushoto, wakakutana jikoni uso kwa uso.

"Umesema unaumwa, mama," akasema Ngwali.

"Ninaumwa."

"Wapi?"

"Hapa," akasema, akiwaonyesha wao wawili.

Kabla hawajageuka kuondoka, nje zikasikika ving'ora. Mheshimiwa Shadhili Ngomakubwa aliingia kwa kichwa mbele, suti ya bluu, kinasa sauti kimebanwa kwenye kola, akipita ubavuubavu kati ya maboksi huku akihutubia.

"Ndugu wananchi! Ninapoongea nanyi, nimezungukwa na mapenzi pande zote! Yananibana! Nayasikia mpaka kwenye mbavu!"

Akatokea jikoni, akampa mkono Bi Sikudhani, akawapa mikono wale ndugu, akatoa ishara kwamba zawadi ya Serikali iingizwe. Zawadi yenyewe ilikuwa picha ya Mtukufu Rais akiwa amesimama, kubwa kuliko mlango. Wasaidizi sita waliishika, wakaikazania. Haikupita. Wakarudi nyuma, wakaja kwa kasi.

Picha ilipita. Ilipopita, iliyagonga makochi, makochi yakaligonga kabati, kabati likaligonga jokofu kubwa, jokofu kubwa likalilalia jokofu dogo, na mapenzi yote ya familia ile yakaporomoka kwa kishindo kilichosikika redioni mpaka mipakani. Vumbi lilipotulia, mlango wa sebuleni ulikuwa haupo tena. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshazibwa na mninga. Jikoni walibaki watu wanne, mkeka mmoja na sinia.

"Walinzi!" akaita Mheshimiwa.

Sauti ya katibu wake ikamjibu kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi. "Tupo, Mheshimiwa! Ila maboksi haya yamekwishasajiliwa kuwa upendo! Hatuwezi kuyagusa bila kibali cha Mwenyekiti wa Tume!"

"Mwenyekiti wa Tume ni mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa! Tunakusubiri ofisini uje usaini!"

*

Bi Sikudhani akawatazama wageni wake. Moyoni alimshukuru Mungu, na baadaye kidogo akamshukuru na Rais, maana haki ya mtu apewe.

"Ketini," alisema.

"Mimi naweza kusimama tu, mama, hakuna shida," akasema Mheshimiwa.

"Leo hasimami mtu. Keti, baba."

Ilikuwa miaka mingi hajaitwa baba na mtu asiyemwogopa. Akaketi, suti na yote, magoti yakigoma. Ngwali akaketi upande mmoja wa sinia, Hemedi upande wa pili, kila mmoja akiutazama ukuta wake. Bi Sikudhani akaweka birika la maji na beseni katikati.

"Nani ana neno?"

Chungu cha kunde kilikuwa kinafuka mvuke. Mheshimiwa akakohoa, tayari kuwaokoa kwa hotuba, lakini mama akamnyamazisha kwa mwiko.

Mwishowe Hemedi akasema, bila kumtazama mtu, "Mlimzika baba bila mimi."

"Tulikusubiri," akasema Ngwali.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mazishi. Bi Sikudhani alishika ukingo wa mkeka.

"Mlinisubiri? Mbona nilikuta watu wameshakunja majamvi?"

"Tulikusubiri mpaka baba akaanza kuharibika, Hemedi! Ulitaka niseme hayo kwenye simu? Umeme wa mochwari ulikatika alfajiri. Nimekaa na baba kutwa, nampepea kwa kipande cha boksi. Mimi na yeye tu. Nampepea kama mtoto. Ungekuwepo ungeniambia nisimzike?"

Hemedi alifumba macho. "Sikujua."

"Hukuuliza."

"Lakini mochwari ya wilaya ina laini yake yenyewe," akasema yule fundi wa majokofu. "Haikatiki hivi hivi. Umeme wake ulikwenda wapi?"

"Walituambia umepelekwa kwenye taa za kuzaliwa kwa Mtukufu."

"Aa, taa zile!" akadakia Mheshimiwa Ngomakubwa, uso umemchangamka. Alifurahi kuona mazungumzo yamefika mahali anapopajua. "Zilionekana mpaka nchi jirani! Nilizisimamia mimi mwenyewe. Wakati ule nilikuwa Waziri wa Nishati."

Ndugu wawili wakageuka, wakamtazama. Kisha wakatazamana wao kwa wao, na ilikuwa mara ya kwanza tangu waketi macho yao kukutana.

"Na wewe?" Ngwali akauliza, sauti imeshuka. "Ulikuwa wapi?"

"Darajani. Nilitoka mji mkuu usiku ule ule. Tukafika darajani, barabara imefungwa. Tumekaa juani kutwa nzima. Nilimwomba askari anipishe nipite kwa miguu, nikamwambia baba yangu amefariki. Akaniambia na wa kwake alifariki, lakini msafara haujapita."

"Msafara wa nani?"

"Walisema waziri fulani anakwenda kuzindua kitu."

Mheshimiwa alikuwa anaziangalia soksi zake.

"Choo," akasema polepole. "Choo cha stendi. Chenye vigae."

"Lakini si umesema ulikuwa Nishati?" akauliza Bi Sikudhani.

"Asubuhi nilikuwa Nishati, mama. Adhuhuri palikuwa na mabadiliko ya baraza. Mchana nikawa Ujenzi."

*

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imenyamaza kusikiliza. Fundi mitambo wa redio ya taifa alikuwa na maelekezo ya kukata matangazo endapo mtu atatukana, atalalamika au atacheka mahali pasipo pake. Hakuwa na maelekezo yoyote kuhusu waziri kusema ukweli, kwa kuwa hali hiyo haikutarajiwa. Akatoa mkono kwenye swichi, akaongeza sauti.

Jikoni, Ngwali akanyoosha mkono kulichukua birika. Hemedi naye akanyoosha mkono wakati ule ule. Vidole vyao vikagusana kwenye mpini, na hakuna aliyeuondoa mkono wake. Wakalinyanyua pamoja, bila mpangilio, maji yakimwagika hovyo kwenye mkeka, wakaliinamisha juu ya mikono ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa akasimama nusu. "Ndugu zangu, Serikali imepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kuchelewa kwa—"

"Keti," akasema Bi Sikudhani. "Hapa hakuna serikali, baba. Hapa pana sinia na sisi wanne."

Akaketi. Akafungua kinywa. Neno lile alikuwa hajalitumia tangu utotoni, na katika wizara zote alizopitia hakuwahi kuliona kwenye jalada lolote.

"Sa..." alisema. "Sa... sahani."

Bi Sikudhani akamsogezea sahani.

"Si sahani, mama." Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kola, juu ya kinasa sauti. "Sama... Samahani. Samahani, Hemedi. Samahani, Ngwali. Sikujua kama kulikuwa na mtu darajani. Huwa nafunga pazia la gari."

Alilia kilio kibaya, cha mtu asiye na mazoezi. Ndugu wakamnawisha. Alipomaliza, Ngwali akaligeuza birika, akamnawisha mdogo wake, akasema, "Ilinipasa nikupigie hata hivyo. Nikwambie." Hemedi akalichukua, akamnawisha kaka yake, akasema, "Ilinipasa nije siku ya pili nikuulize. Sikupaswa kuondoka vile." Mama yao akawa anataka kusema kitu kuhusu kitambaa cha kujifutia, lakini akanawa tu, akaingiza mkono kwenye wali.

Walikula mpaka sinia likang'aa. Mheshimiwa alisema kunde zile zilikuwa tamu kuliko chakula cha Ikulu. Baadaye usemi huo ulimletea shida kubwa kuliko samahani yenyewe.

*

Ndugu ndio waliofungua njia, kwa kuwa walikuwa ndani na hawakuwa na habari za kibali.

"Shika huku."

"Nimeshika."

"Usivute, inua."

"Nimeinua, mbona wewe ndiye unayevuta?"

Boksi kwa boksi, wakafika mlangoni. Nje, Mtaa wa Birikani ulikuwa mtupu. Hapakuwa na askari, katibu wala kina mama wa kushangilia. Mizani ilikuwa imesimama peke yake barabarani, na kuku mmoja yumo ndani yake akijipima. Kutoka kwenye kila nyumba zilisikika sauti za chini, sauti ya maji yakimiminwa, hapa mtu akilia, pale watu wakicheka wote kwa mpigo. Wajumbe wa Tume walikuwa wamekwenda makwao. Wale kina mama wa wilaya nyingine walikuwa wamekalishwa popote walipokaribishwa.

Mheshimiwa akaenda kwenye gari lake, akasimama kando ya mlango. Alisubiri. Miaka mingi milango ya gari ilikuwa ikifunguka yenyewe anapoikaribia, na hakuwa amewahi kuchunguza inafungukaje. Akamwona dereva wake barazani kwa Mzee Tego, ameketi kwenye mkeka na familia ile, mikono imelowa.

"Dereva! Twende!"

"Nisubiri kidogo, Mheshimiwa," akajibu dereva kwa adabu zote. "Zamu yangu haijafika."

Mheshimiwa akasubiri. Hakuwa na la kufanya zaidi.

*

Kesho yake redio ya taifa ikatoa ufafanuzi. Kilichosikika hakikuwa samahani bali hitilafu ya mitambo inayofanana na samahani, na wananchi walioisikia wakaombwa kuirudisha kwenye vituo vilivyo karibu nao. Mheshimiwa Ngomakubwa akapewa pongezi na kuhamishiwa Wizara ya Visiwa Visivyo na Watu, pamoja na kitanda cha kulalia huko huko. Ikatangazwa pia kwamba kuanzia mwaka ujao kuketi kutaruhusiwa, ila kwa kusimama.

Bi Sikudhani hakuisikia taarifa hiyo. Watoto wake walikuwa wametoka asubuhi kwenda kaburini kwa baba yao, na alikuwa ameketi kizingitini akiwasubiri, maboksi yote yakiwa yamemwagwa nje kwa yeyote anayeyahitaji. Jua lilipopanda, akazisikia sauti zao kabla hajawaona. Walikuwa wanagombana. Ngwali alisema mti uliopandwa kichwani mwa kaburi ni mkilifi, Hemedi akasema huo ni mwarobaini hata kipofu anauona, Ngwali akamuuliza fundi wa majokofu anajua nini kuhusu miti, Hemedi akamuuliza muuza mbao tangu lini akaona mti ukiwa na majani. Walikuwa wanapiga kelele kama watoto, mtaa mzima unasikia.

Bi Sikudhani, aliyejua kwamba hayo ni majina mawili ya mti mmoja, alifumba macho, akaegemea mlango, akawaacha wagombane mpaka walipofika.